Ruaha kwa basi kutoka Dodoma: siku tatu za kiangazi

Hapa Dodoma ukitaja hifadhi ya taifa, swali la kwanza utakaloulizwa ni "gari mnalo?" Mimi sina gari wala leseni. Ruaha nimekwenda kwa basi mara nne. Mara tatu nilikiona nilichokifuata, na mara moja nilirudi na matope hadi magotini. Ile iliyoharibika niliifanya Machi, na zilizofaulu zote zilikuwa kati ya Juni na Septemba.

Kwa hiyo maelezo haya ni ya mtu anayepanda basi la abiria kama wengine, ana siku tatu za mapumziko, na anataka kuona tembo bila kukopa gari la shemeji.

Anza na mwezi, mengine baadaye

Nyanda zetu za kati zina msimu mmoja wa mvua. Hushika Desemba na kukatika Aprili. Mei nchi inakauka, na kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi chenyewe.

Kiangazi kinakusaidia kwanza barabarani. Dodoma hadi Iringa ni lami, kama kilomita 260, mvua haikuzuii. Lakini kutoka Iringa kwenda Tungamalenga, kijiji ambako abiria wa Ruaha huishia, nimeijua njia ikiwa ya vumbi, na vumbi la Agosti ndilo tope la Machi. Siku ile ya Machi gari letu lilizama kwenye korongo ambalo kiangazi huwa mchanga mtupu. Tulishuka wote, wanaume wakakata matawi ya kutandika chini ya matairi, akina mama wakakaa pembeni na watoto, giza likatukuta palepale. Nilifika kijijini saa nne usiku. Asubuhi yake kila dereva niliyemfuata alinijibu kitu kimoja: njia za kando ya mto zimejaa maji, haingii mtu. Nikalala siku moja, nikageuza.

Faida ya pili ni wanyama wenyewe. Masika kila dimbwi ni kisima, hivyo wanyama hutawanyika porini na nyasi huwaficha. Maji yakikauka hawana pa kwenda isipokuwa kwenye Mto Ruaha Mkuu na mito ya mchanga inayouingia. Wewe unawasubiri hukohuko. Kwa mtu mwenye siku moja tu ndani ya hifadhi, hilo ndilo linaloamua aone nini.

Ndani ya kiangazi kwenyewe kuna tofauti. Juni na Julai Iringa ni baridi kweli, mji uko juu zaidi ya mita 1,500, nenda na sweta hata kama Dodoma unatembea na fulana. Oktoba joto huuma, ila mtoni wanyama wamebanana. Mimi nachagua Septemba. Shule zimefunguliwa, Saba Saba na Nane Nane zimepita, kiti cha basi unakipata bila kugombana. Wiki ya Nane Nane ninaikwepa kabisa, maana viwanja vya maonyesho viko Nzuguni, upande uleule wa stendi kuu, na foleni inaweza kukunyima basi la alfajiri.

Tafuta wenzako wanne

Hatua hii inapuuzwa, na ndiyo inayobeba safari yote.

Basi la abiria halizunguki hifadhini. Litakufikisha kijijini, na kutoka hapo unahitaji gari lililoinuka juu, la kuvuta kwa matairi yote manne, na dereva anayezijua njia za ndani. Gari hilo hukodishwa kwa siku, na bei yake haibadiliki sana ukiwa peke yako au mkiwa watano. Nauli za mabasi mtu mmoja anazimudu, kiingilio anakimudu, gari la siku nzima humvunja mgongo. Mkigawana watano linakuwa jambo la kawaida.

Wenzako watafute mwezi mmoja kabla: kazini, kwaya, kikundi cha kuweka na kukopa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaotaka kutoka. Watano ni idadi nzuri. Saba huanza kupigania dirisha.

Kisha piga simu Tungamalenga. Pale kuna kambi na nyumba za kulala wageni ambazo wenyewe wana magari au wanawajua wenye magari. Uliza kwa utaratibu, na uandike majibu. Bei hiyo ni gari na mafuta, au gari bila mafuta? Ni kutoka saa ngapi hadi saa ngapi? Kiingilio cha gari na cha dereva analipa nani? Mara ya kwanza sikuuliza swali la mafuta. Jioni, tukiwa tumechoka na tumefurahi, tuliambiwa tuongeze hela ya dizeli, na furaha ikaingia mchanga. Dereva hakuwa na kosa, sisi ndio hatukuuliza.

Wiki hiyohiyo weka mambo mawili mfukoni. La kwanza ni kitambulisho cha taifa cha kila mmoja wenu. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje, lakini lazima uonyeshe kwamba ni Mtanzania. La pili ni salio kwenye simu. Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayapokelewi kwa fedha taslimu: unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu au benki. Mtandao huko pembezoni huja na kuondoka, basi mwombe mwenyeji wako akusaidie mpate namba na kulipa mkiwa bado mna mawimbi mazuri.

Kata tiketi, kisha chagua upande

Tiketi ya Dodoma–Iringa kata siku moja au mbili kabla, kwenye ofisi ya basi pale stendi kuu ya Nanenane au kwa simu. Nauli elekezi hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na tiketi ionyeshe jina lako, namba ya kiti na kiasi ulicholipa. Wapiga debe watakuita "dada", "bosi", "mwalimu", watakushika begi. Washukuru, endelea kutembea hadi dirishani.

Chukua basi la alfajiri, saa 12 au lililo karibu na hapo. Hili la alfajiri si suala la kupenda. Gari la Iringa kwenda Tungamalenga kwa kawaida huondoka mchana, na ukilikosa umelala Iringa.

Omba kiti cha upande wa kulia. Basi linaelekea kusini, jua la asubuhi liko kushoto, kwa hiyo kulia utapata kivuli. Sababu ya pili iko mbele, Mtera.

Mtera: mto umekutangulia

Baada ya mji unaingia Ugogo wa mibuyu, Mlowa, Manzase, kisha unateremka Fufu kwenda Chipogolo. Hapo wengi hulala. Mwombe jirani yako akuamshe, kwa sababu karibu nusu ya safari basi linapita juu ya bwawa la Mtera, na upande wako wa kulia maji yanatanda hadi macho yachoke.

Maji hayo ni ya Ruaha. Mto unatoka mabonde ya Usangu, unapita katika hifadhi unayoiendea, unaingia Mtera na kuzungusha mitambo ya megawati 80, unashuka hadi Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204, ndipo unakwenda kuungana na Rufiji. Yaani taa iliyokuamkia asubuhi hii nyumbani ina deni kwa mto uleule wanaokunywa tembo.

Na mto huu umeumia. Tangu mwaka 1993 kipande cha Ruaha kilicho ndani ya hifadhi kimekuwa kikikauka katika miezi ya mwisho ya kiangazi, jambo ambalo wazee wa kandokando yake hawakuwa wamelizoea. Huko juu maji huchepushwa kwenye mashamba ya mpunga, na ardhioevu ya Ihefu ilikuwa imebebeshwa mifugo mingi mno. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na hifadhi ili chanzo kilindwe, na Ruaha ikawa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 20,000. Nayaeleza haya mapema kwa sababu ukifika Septemba au Oktoba utakuta sehemu mto umebaki madimbwi, viboko wamesongamana kwenye tope. Wageni hupiga picha na kushangilia wingi wao. Mimi huwa nashindwa.

Basi likisimama Mtera kwa dakika chache, usinunue samaki wakati wa kwenda. Utawanunua ukirudi.

Iringa: saa mbili tatu za kubadilisha gari

Ukipita Migori na kupanda Nyang'oro, hewa inabadilika. Basi la alfajiri lisipopata shida hukufikisha Iringa kabla ya saa 6 mchana. Magari ya Tungamalenga hayaanzii stendi kuu ya Igumbilo. Yatafute upande wa Mwangata, ambako barabara ya Ruaha inaanzia. Bajaji au daladala itakufikisha. Mwambie dereva "gari za Tungamalenga", wala usiseme "Ruaha", kwa sababu Iringa kuna chuo kikuu kinachoitwa Ruaha na unaweza kupelekwa huko.

Nenda kwanza ukaweke kiti, acha begi kwa kondakta baada ya kuandikwa jina, ndipo utafute chakula. Salimia kwa "kamwene". Ni salamu ya Wahehe, na mtu mzima akiisikia kutoka kwa mgeni uso wake hufunguka. Nunua maji ya kutosha siku mbili, betri ya ziada ya simu, na dawa zako ukitumia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na langoni hawataki kuiona, chukua kikapu au mfuko wa kitambaa.

Njiani, kilomita kama 15 tu kutoka mjini, utapita njia panda ya Kalenga. Hapo palikuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa kwenye makumbusho pale Kalenga. Ukiwa na siku ya nne, itumie huko.

Baada ya hapo ni mashimo ya barabara, magunia, kuku, na abiria wanaoshuka mmojammoja. Funga begi vizuri na ujifunike kitambaa puani. Utafika jioni.

Usiku Tungamalenga

Wengi hupaona kijiji hiki kama mlango tu. Kaa nacho kidogo. Watu wa tarafa za Idodi na Pawaga wanaishi ubavuni mwa hifadhi, na vijiji vyao vina eneo la hifadhi ya jamii linaloitwa MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Tembo hapa si picha ya kalenda. Usiku mmoja mama aliyetupikia alituonyesha shamba lake la mahindi la msimu uliopita, akasema, "Mwanangu, nililima mimi, akavuna yeye." Usizungumzie tembo mbele yake kama mtu anayezungumzia sinema.

Jioni hiyo mkutane na dereva uso kwa uso, mthibitishe bei na saa ya kuondoka. Lala mapema, na ulale ndani ya chandarua.

Kulala ndani ya hifadhi pia kunawezekana, TANAPA wana mabanda pale Msembe, makao makuu, kilomita zipatazo 130 kutoka Iringa. Kusikia simba akinguruma ukiwa kitandani ni jambo lisilosimulika. Lakini kwa anayetegemea gari la kukodi, maana yake ni kulilipia siku mbili. Mkiwa watano na mkijipanga, fanyeni.

Siku yenyewe

Ondokeni gizani ili lango linapofunguliwa saa 12 asubuhi muwe pale. Saa tatu za mwanzo ndizo zenye simba waliorudi kuwinda na chui ambaye bado hajapanda kulala. Mkitoka kwenu saa 2 mmeitupa nusu ya hela.

Vaeni rangi ya udongo. Nguo nyeusi na za bluu iliyokolea huwaita mbung'o, na mbung'o wa Ruaha huuma juu ya jinzi.

Baada ya lango mtavuka daraja la Ibuguziwa. Mwambie dereva asimame. Kiboko na mamba huwa hapo chini, na ndipo mtauona mto kwa mara ya kwanza tangu Mtera.

Kisha mfuate maji. Msimruhusu dereva awakimbize mbali kutafuta kila mnyama wa kwenye orodha. Mwombe akae kandokando ya Ruaha Mkuu na Mwagusi. Mwagusi wakati wa kiangazi ni barabara pana ya mchanga, hakuna tone juu yake, na hapo nimekaa saa nzima nikimtazama tembo jike akichimba. Alitumia mguu na mkonga, akatoa mchanga taratibu hadi shimo likatoa maji. Akanywa, mtoto wake akanywa, wakaondoka. Hawajafika mbali, swala pala na nyani walikuwa wamepanga foleni kwenye shimo lilelile. Sijaona kitu kizuri kuliko hicho katika nchi hii.

Ruaha ni mahali mimea ya kusini na ya mashariki mwa Afrika inapokutana, miombo upande mmoja, migunga na mibuyu upande wa pili. Ndiyo maana tandala mkubwa na tandala mdogo unaweza kuwaona katika hifadhi hiihii, na wenye bahati huona swala wakubwa waitwao korongo na palahala. Mbwa mwitu wapo, nami sijawahi kuwaona. Ndege ni zaidi ya aina 570, kwa hiyo mwenye darubini asiiache nyumbani. Tazameni pia mibuyu iliyochubuliwa magome: tembo huitafuna kupata unyevu maji yanapopungua.

Msishuke garini isipokuwa dereva aseme ni mahali panaporuhusiwa. Kutembea kwa miguu kunafanyika Ruaha, lakini ni pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha na kwa malipo yake. Kuanzia saa 6 hadi saa 9 mchana wanyama hulala kivulini, nanyi fanyeni hivyo Msembe, mle mlichobeba. Rudini mtoni kwenye saa 10. Muwe nje ya lango kabla ya saa 12 jioni.

Kama likizo yako ni ya masika tu

Usiilazimishe Ruaha. Nenda Mikumi.

Panda treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Morogoro, au basi, kisha pale Morogoro chukua basi lolote la mchana linalokwenda Iringa, Mbeya, Songea au Ifakara. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, kwa lami, mwaka mzima. Kaa dirishani upande wa kulia, ambako uwanda wa Mkata unafunguka. Twiga, pundamilia, swala pala na tembo huonekana kutoka kwenye kiti ulichokilipia nauli ya kawaida. Mwendo ndani ya hifadhi umewekewa kikomo, na kugonga mnyama kuna faini nzito, hivyo dereva akizidisha mwendo una haki ya kumwambia. Lala mji wa Mikumi, asubuhi kodisha gari la kuingia. Hifadhi ni ya kilomita za mraba 3,230, siku moja inatosha kuonja.

Kurudi

Gari la Tungamalenga kwenda Iringa huondoka alfajiri, kwenye saa 12 na pengine kabla. Mwambie kondakta usiku unapolala, mara nyingi atakupigia honi mlangoni. Ukifika Iringa kabla ya saa 6, nenda moja kwa moja Igumbilo ukakate tiketi ya basi la mchana la Dodoma.

Safari hii kaa kushoto. Jua la mchana litakuwa upande huo, likubali, kwa sababu bwawa nalo litakuwa upande huo. Mkishapita Izazi mwambie utingo kwamba utanunua samaki Mtera. Uwe na noti ndogondogo mkononi na kikapu tayari, wauzaji huja dirishani na basi halikai. Chagua perege waliokaangwa wakakauka, wale wenye mafuta mengi watachafua mizigo ya watu. Nanenane utaingia jioni. Bajaji za usiku pale hutaja bei ya mgeni, basi itaje wewe kwanza.